Biscotto: Mkate wa Mabaharia, Kitafunwa cha Prato na Mechi ya Kupangwa

Ukiingia katika mkahawa wa Chicago au London ukaagiza biscotti, utaletewa kipande kirefu kilichokatwa mshazari, kikavu, chenye lozi nzima ndani yake, ambacho hakiliki vizuri mpaka kichovywe katika kahawa. Ukilitaja neno hilohilo Agerola, mji mdogo ulio milimani juu ya pwani ya Amalfi, mwenye duka la mikate anaweza kukuonyesha mkate mkavu usio na sukari hata chembe, unaolowekwa kidogo kwa maji kisha ukawekewa nyanya, mafuta ya zeituni na chumvi. Mama wa Milano akimwambia mwanawe achukue biscotto, mtoto atachomoa biskuti yoyote iliyo katika pakiti kabatini, iwe laini au ngumu, ya maziwa au ya chokoleti. Na siku ya mwisho ya mechi za makundi katika mashindano makubwa ya mpira wa miguu, magazeti ya Italia huweza kuandika biscotto katika kichwa cha habari pasipo kuzungumzia chakula cha aina yoyote.

Wapo wanaoshikilia kwamba moja tu kati ya maana hizi ndiyo ya haki, na kwamba nyingine zimezuka kwa uzembe wa wasemaji. Hoja yao huegemea asili ya neno. Asili hiyo haina utata hata kidogo. Yenye utata ni safari ya neno baada ya hapo, na ndiyo inayohitaji kufumuliwa uzi kwa uzi.

Biscotto limeundwa kwa vipande viwili vya Kilatini: bis, yaani mara mbili, na coctus, kilichopikwa, kutokana na kitenzi coquere, kupika. Katika Kilatini cha Zama za Kati ilisemwa panis biscoctus, mkate uliopikwa mara mbili, na kama itokeavyo katika lugha nyingi, nomino ikadondoka na kivumishi kikabaki kikifanya kazi ya yote mawili. Vipande hivyo bado vi hai katika Kiitaliano cha leo. Bis ndiyo sauti wanayopaza watazamaji wa opera wanapotaka mwimbaji arudie wimbo, na baba wa babu huitwa bisnonno. Cotto lasikika katika terracotta, udongo uliochomwa. Katika panna cotta, krimu iliyopikwa. Na katika ricotta, jibini inayopatikana kwa kuyapasha moto tena maji yanayobaki baada ya maziwa kugandishwa. Kwa hiyo biscotto, kwa kuzaliwa kwake, lilitaja kazi iliyofanywa na mwokaji: mkate ulirudi tanurini. Halikusema lolote juu ya sukari, lozi, umbo, wala saa ya kuliwa.

Sababu ya kuurudisha mkate tanurini ni maji. Mkate mpya hubeba maji mengi, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na palipo na maji ukungu hauchelewi. Mara ya kwanza tanuri huuivisha mkate. Mara ya pili, kwa moto mdogo na kwa muda mrefu, huunyang'anya maji hadi ukungu usipate pa kuanzia. Hapo mkate hudumu kwa miezi, na zaidi ya hayo hupungua uzito, jambo lisilo dogo kwa nahodha anayelisha watu mia mbili kutoka ghala finyu. Gharama yake ni ugumu wa kuvunja meno, pamoja na fukusi, ambao hawahitaji maji mengi ili waishi na kuzaana.

Warumi waliijua mikate ya aina hii kabla neno biscotto halijakuwapo. Plinius Mzee, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, anautaja panis nauticus, mkate wa mabaharia, na kueleza kwamba ukipondwa na kupikwa tena hufunga tumbo linaloharisha. Jeshini mkate mkavu uliitwa bucellatum. Sheria ya mwaka 360, iliyohifadhiwa katika mkusanyo wa sheria wa mfalme Theodosius, yaagiza askari walio safarini wapewe bucellatum siku mbili na mkate wa kawaida siku ya tatu. Leo buccellato katika mji wa Lucca ni mkate mtamu wenye zabibu kavu na mbegu za anisi, na huko Sicilia ni keki ya Krismasi ya duara iliyojazwa tini. Posho ya askari imegeuka kitafunwa cha sikukuu, na hakuna anayewaendea watu wa Lucca kuwaambia kwamba wamekosea. Nimelitaja neno hilo kwa sababu biscotto lilikuja kupita njia iyo hiyo.

Venezia ndiyo iliyolifanya biscotto kuwa jambo la serikali. Jamhuri hiyo iliishi kwa merikebu za makasia, na merikebu ya makasia haikuwa na pa kuoka mkate: wapiga makasia walibanana safu kwa safu, moto ulikuwa hatari, na mbao zilizotiwa lami hazingoji cheche ya pili. Mkate ulipaswa kuwa tayari kabla nanga haijang'olewa. Matanuri ya serikali yaliyojengwa mwaka 1473 yalisimama kando ya maji, karibu kabisa na Arsenale, karakana kuu ya merikebu, ili safari kati ya tanuri na sitaha iwe fupi. Wavenezia hupenda kusimulia kwamba biscotto waliloliacha Candia, katika kisiwa cha Kreta, walipoupoteza mji huo mikononi mwa Waturuki mwaka 1669, lilikutwa mwaka 1821 likiwa bado linalika. Simulizi hiyo imetiwa chumvi, bila shaka, lakini imetiwa mahali panapoeleweka: sifa waliyoitafuta katika mkate wao ilikuwa kudumu, na utamu haukuwa sehemu ya hesabu.

Baharia hakuutafuna mkavu isipokuwa kwa dhiki. Aliugonga juu ya ubao mara kadhaa ili fukusi wadondoke, akauvunja kwa kitu kizito, akavitumbukiza vipande katika mchuzi wa kunde au katika divai iliyochanganywa na maji, kisha akangoja vivimbe. Mabaki ya desturi hiyo yangali mezani Liguria, ambako wapishi huanza vyakula kadhaa vya samaki kwa kulaza chini galletta, mkate mkavu wa mabaharia uliolowekwa kwa maji na siki. Lugha nayo imehifadhi kumbukumbu. Kwa Kiitaliano, mtu anayeanza jambo bila maandalizi husemwa kuwa amepanda merikebu bila biscotto, imbarcarsi senza biscotto. Ukiufikiria msemo huo kwa kitafunwa cha lozi haueleweki, kwa kuwa hakuna anayelaumiwa kwa kusafiri bila kitinda mlo. Ukijua kuwa biscotto lilikuwa masurufu yenyewe, unaeleweka papo hapo.

Hapa inafaa kutenganisha neno na kitu, kwa sababu wengi huvichanganya. Kukausha mkate kwa moto wa pili hakukuwa siri ya Waitalia. Wagiriki walikuwa na paximadi, jina linalohusishwa na Paxamos, mwandishi wa mapishi wa zama za kale; Waarabu wakalichukua likawa buqsumat, na hadi leo huko Misri ndilo jina la mikate mikavu ya kuchovya katika chai; Waturuki wakasema peksimet. Wajerumani hawakukopa sauti ya Kiitaliano bali walitafsiri maana, wakapata Zwieback, kilichookwa mara mbili. Kwa hiyo bahari moja ya Mediterania ilikuwa na kitu kimoja chenye majina ya koo mbili, la Kigiriki upande wa mashariki na la Kilatini upande wa magharibi, na bandari zilizokuwa katikati ziliyajua yote mawili.

Ukoo wa Kilatini nao ulivuka kuingia baharini kwetu. Wareno waliliita biscoito, na misafara yao ya kwenda India, iliyokuwa ikipita Msumbiji, Malindi na Mombasa tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, ilipakia mkate huo Lisbon kwa wingi kabla ya kuondoka. Wareno walituachia meza, leso, mvinyo na gereza, ila mkate wao wa melini haukuacha jina. Biskuti la Kiswahili huhesabiwa kuwa limetoka kwa Kiingereza, karne nyingi baadaye, pamoja na bidhaa za makopo na pakiti. Msikilizaji makini ataona kwamba u ya katikati haisikiki kabisa kinywani mwa Mwingereza, anayetamka biskit. Imo katika maandishi yake tu. Lakini imo pia katika matamshi ya Kihindi na ya Kiarabu cha Ghuba, na maduka ya pwani yetu yalisikia lugha hizo kila siku.

Waingereza wenyewe waliliandika bisket kwa muda mrefu, kama walivyolitamka, hadi walipoamua kuiga tahajia ya Kifaransa na kujibebesha herufi zisizotamkwa. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, anaeleza kuwa ni mkate mkavu na mgumu unaotengenezwa kwa ajili ya kupelekwa baharini, na kwamba kwa safari ndefu huokwa mara nne. Mara nne! Mwanazuoni wa Kilatini kama yeye alijua vizuri kwamba bis ni mbili, na hakuona tabu kuandika nne katika maelezo ya neno hilohilo. Hilo lilikuwa dalili kuwa tayari neno lilikuwa limekata kamba iliyolifunga na hesabu yake.

Kamba hiyo ilikatwa kwanza na sukari. Kadiri sukari ilivyozidi kupatikana katika jikoni za matajiri wa Italia na Ufaransa, wapishi walianza kukausha vitu vingine mbali na mkate wa unga na maji: mchanganyiko wa mayai yaliyopigwa sana, sukari na unga mwororo, uliookwa kisha ukakaushwa. Kwa kuwa ulirudi tanurini, uliitwa biscotto, au biscuit kwa Kifaransa, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha kikatokea kilichotarajiwa. Mchanganyiko wa mayai ni mtamu na mwepesi hata usipokaushwa, na anayekula mezani kwake hana haja ya chakula kitakachodumu hadi Kreta. Moto wa pili ukaachwa, jina likabaki. Ndiyo maana Mjerumani akisema Biskuit anakusudia keki laini kama sifongo, na Mhispania wa Madrid akisema bizcocho anakusudia keki iliyoumuka, yenye unyevu, ambayo ikiokwa mara mbili huwa imeharibika. Neno lililoanza kwa maana ya ukavu limefika kwenye ulaini bila kuruka hatua hata moja, na kila hatua ilikuwa na mantiki yake. Savoiardi, zile biskuti nyepesi za umbo la kidole zinazochovywa kahawa ili kutengenezea tiramisù, kitinda mlo cha Kiitaliano, na ambazo zimepewa jina la ukoo wa kifalme wa Savoia, zimesimama katikati ya njia hiyo: mchanganyiko wake ni wa keki, ukavu wake ni wa biskuti.

Huko Toscana, mkoa wa Italia ya kati wenye mji wa Firenze, mambo yalikwenda kwa namna nyingine, na ndiko kilikotoka kipande cha lozi kinachouzwa leo katika mikahawa ya dunia nzima. Jina lake la nyumbani si biscotti, au tuseme si biscotti peke yake. Watu wengi wa Toscana hukiita cantuccio, kwa wingi cantucci au cantuccini. Cantuccio ni pembe ndogo, na ni neno lililotumika pia kwa kipande cha mwisho cha mkate, kile chenye gamba pande zote, ambacho kila nyumba ina mtu wake anayekigombania. Accademia della Crusca, chuo cha lugha kilichoanzishwa Firenze katika miaka ya 1580, kililiweka neno hilo katika toleo la 1691 la kamusi yake kwa maana ya biscotto lililokatwa vipande, la unga bora, lenye sukari na ute wa yai. Lozi hazimo katika maelezo hayo. Sitaki kuupita mlango wa chuo hicho bila kutaja kwamba crusca maana yake ni pumba: waasisi wake walijiona kuwa wanachekecha lugha ili kutenga unga na pumba, na alama waliyoichagua ni chombo cha kuchekechea unga. Kwa mjadala wa mikate, ni vigumu kumpata mwamuzi mwenye jina linalofaa zaidi.

Lozi zinaonekana waziwazi Prato, mji wa wafumaji nguo ulio karibu na Firenze. Katika hati za mji huo umehifadhiwa mwongozo wa mapishi ulioandikwa katika karne ya 18 na Amadio Baldanzi, naye anaeleza kitafunwa kinachofanana na cha leo huku akikiita cha mtindo wa Genova, jambo linalopaswa kuwatuliza wanaoamini kwamba Prato haikujifunza kwa yeyote. Mwaka 1858 Antonio Mattei alifungua duka lake katika mji huo. Alipeleka bidhaa zake kwenye maonyesho ya Firenze ya mwaka 1861 na ya Paris ya mwaka 1867, na tangu hapo jina biscotti di Prato likaenea. Duka hilo lingalipo. Kwa hiyo kitu kimoja kina majina mawili hata ndani ya Toscana: ukiwa Prato, biscotti ni neno la heshima, ukiwa kwingineko, cantucci. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliliingiza jina Cantucci Toscani katika orodha ya bidhaa ambazo jina lake hulindwa kwa kufungamana na eneo zinakotoka.

Utengenezaji wenyewe hauna siri. Unga, sukari, mayai na lozi zisizomenywa gamba lake la kahawia hukandwa pamoja hadi kinyunya kishikane, kikiwa bado kinanata vidole. Kinyunya hufinyangwa kuwa mikate myembamba mirefu, isiyozidi upana wa viganja viwili vya mtoto, ikapakwa yai juu na kuokwa. Saa ya ustadi ni wakati wa kukata. Mkate ukiachwa upoe kabisa, kisu kikikutana na lozi kipande huvunjika ovyo. Ukikatwa ukiwa umetoka tu motoni, katikati husagika. Mwokaji hungoja dakika chache, akakata mshazari kwa kisu kizito, kwa pigo moja, ili lozi ikatike pamoja na mkate na uso wake mweupe uonekane. Hapo ndipo vipande hulazwa ubavu na kurudishwa tanurini vikauke. Walakini si kila mwokaji huvirudisha, na anayeviacha hivyo havipi jina jingine. Huliwa mwisho wa mlo, vikichovywa katika vin santo, divai tamu ya Toscana.

Wahamiaji wa Kiitaliano walivipeleka vitafunwa hivi Marekani, lakini kuenea kwake huko kulifuatana na mikahawa ya espresso, hasa kuanzia miongo ya 1980 na 1990. Marekani tayari ilikuwa na maneno mawili ambayo yangeweza kutumika. Biscuit lilikuwa limeshachukuliwa na mkate mdogo laini unaoliwa na mchuzi mzito asubuhi, na cookie, lililotoka kwa Waholanzi, lilibeba biskuti tamu zote. Kitu kipya kilihitaji jina lisilo na mwenyewe, na jina la Kiitaliano lilikuwa hapo, likiwa na ladha ya ugeni inayoongeza bei. Kwa hiyo Wamarekani walilibana neno pana la Kiitaliano hadi likabaki na maana ya kitu kimoja, kisha wakalichukua katika umbo lake la wingi na kulitumia kwa umoja: biscotti moja, biscotti mbili. Mwitalia husikia kasoro, kwa kuwa kwake kimoja ni biscotto. Sisi tunaosema biskuti moja na biskuti kumi hatuna cha kuwacheka.

Nyumbani Italia, wakati huohuo, neno lilikuwa limepanuka kupita kiasi. Biscotto la leo ni kila kitafunwa kidogo kitamu na kikavu kiasi kinachotoka tanurini, na sehemu kubwa ya vitafunwa vinavyoitwa hivyo huokwa mara moja tu. Viwanda vya biskuti huitwa biscottifici, na familia nyingi hula biskuti asubuhi zikichovywa katika maziwa. Ulipohitajika kutajwa mkate uliookwa mara mbili kwelikweli, Kiitaliano kililazimika kutengeneza kitenzi kutokana na nomino, biscottare, na kutoka hapo fette biscottate, vipande vya mkate vilivyokaushwa, vinavyopakwa siagi na jamu. Neno limezaa mtoto ili afanye kazi ambayo mzazi ameiacha. Ni katika mikoa michache, kama vile Veneto yenye pan biscotto yake, na Campania yenye mkate wa Agerola niliougusia, ambako maana ya kale imebaki bila kuhitaji msaada.

Kwa maoni yangu, basi, anayedai kwamba kitafunwa kilichookwa mara moja hakistahili kuitwa biscotto amekishika kitabu cha Kilatini na kuusahau mtaa. Na anayedhani kwamba biscotti ni kile kipande cha lozi tu ameishika menyu ya mkahawa wa Marekani na kuisahau Italia. Makosa haya mawili hufanana na kusikika pamoja mara nyingi, ila hayana chanzo kimoja: la kwanza linamgandisha msemaji katika karne ya 14, la pili linampeleka Chicago.

Wafinyanzi nao walilichukua neno, wakalipindua. Chombo cha udongo kilichochomwa mara ya kwanza, kabla ya kupakwa rangi ya kung'aa na kurudishwa jokoni, huitwa biscotto. Mkate ulipata jina hilo baada ya moto wa pili, chungu hulipata baada ya moto wa kwanza, kikiwa bado kinangoja wa pili. Huko Ufaransa, kiwanda cha kauri cha Vincennes, kilichohamia Sèvres baadaye, kilianza katika miaka ya 1750 kuuza sanamu za kauri zilizoachwa bila kung'arishwa, nyeupe na zisizometameta, nazo zikaitwa biscuit. Hizo hazikungoja moto mwingine wowote. Napoli wajenzi wa tanuri za piza husakafia chini kwa vigae vya udongo wa Sorrento vinavyoitwa biscotto, vinavyovuta unyevu wa piza bila kuunguza upande wake wa chini. Anayeagiza piza huko anakula juu ya biscotto bila kulionja.

Iliyobaki ni maana ya magazeti ya michezo. Fare il biscotto, kutengeneza biscotto, ni timu mbili kuridhiana matokeo yanayozifaa zote na kumtoa wa tatu. Maelezo yanayokubaliwa zaidi yanaanzia katika mbio za farasi: mwenye nia mbaya alimlisha farasi biskuti iliyotiwa dawa ili apunguze mwendo au auongeze. Kutoka farasi mmoja aliyehujumiwa, neno likahamia kwenye hujuma ya kupatana, na hapo likawa lina washiriki wawili. Mfano ambao Waafrika wanaukumbuka kwa uchungu ni wa Gijón, Kombe la Dunia la 1982, ambapo Ujerumani Magharibi ilifunga Austria bao moja la mapema, kisha timu zote mbili zikapigiana pasi hadi kipenga cha mwisho. Algeria, iliyokuwa imewafunga Wajerumani 2-1 na kumaliza mechi zake siku moja kabla, ikatolewa kwa tofauti ya mabao. Ni baada ya hapo mechi za mwisho za kila kundi zilipoanza kuchezwa kwa saa moja.

Waitalia walilizungumza neno hilo kwa hasira yao wenyewe mwaka 2004, katika mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Ureno. Italia ilikuwa imetoka sare ya 0-0 na Denmark na 1-1 na Sweden. Kwa kanuni za kundi hilo, sare ya 2-2 au ya mabao zaidi baina ya majirani hao wawili wa kaskazini ingezipitisha zote mbili hata kama Italia ingeifunga Bulgaria. Magazeti ya Roma na Milano yaliandika biscotto kabla mpira haujaanza. Tarehe 22 Juni, mjini Porto, Denmark ilikuwa mbele kwa 2-1 mpaka dakika ya 89, Mattias Jonson akasawazisha. Italia iliifunga Bulgaria 2-1 katika dakika za majeruhi, na Antonio Cassano, aliyefunga bao hilo, alianza kushangilia kabla ya kupewa habari za Porto. Timu zote mbili zilikanusha kuwapo makubaliano, na mtu anayeitazama mechi ile bila jazba huona timu mbili zilizokuwa zikishambuliana kwelikweli. Lakini tangu siku hiyo, kwa Mwitalia mpenda mpira, biscotto lina alama yake, na alama hiyo ni 2-2.

Miaka minane baadaye hesabu ilijirudia karibu vilevile. Katika mashindano ya Ulaya ya 2012 Hispania na Croatia zilifika mechi ya mwisho ya kundi zikijua kwamba sare ya 2-2 ingeiondoa Italia hata ikishinda mechi yake. Kwa siku kadhaa neno lilitawala magazeti na redio za Italia. Jesús Navas aliifungia Hispania bao pekee katika dakika ya 88, Italia ikaifunga Ireland 2-0, na Waitalia, waliokuwa wamejiandaa kulalamika, wakaendelea mpaka fainali, ambako Hispania hiyohiyo iliwafunga 4-0.